Jibu la msomaji: Anayetoka magharibi asikimbilie Naivasha

Mhariri, salamu kutoka Isevya, Tabora mjini. Swali lenu la wiki limeuliza hivi: anayesafiri kwenda kutazama mbio kubwa za magari achaguaje mahali pa kulala, na je, kulala ndani ya gari kunafaa? Nitajibu kwa Safari Rally ya Kenya, kwa sababu ndizo mbio za ubingwa wa dunia ambazo sisi wa huku tunazifikia kwa basi, na kwa sababu vijana wa mtaani kwangu rali ikikaribia hunijia na swali hilohilo. Wao huanza na bei ya gesti. Mimi huwaambia waanze na ratiba.

Mbio za kwenye uwanja wa kuzunguka, kama Formula One, huwa mahali pamoja kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Ukipata chumba karibu na uwanja, umemaliza. Rali haiko hivyo. Magari hukimbia mkondo baada ya mkondo, yaani vipande vya mbio vinavyopimwa kwa muda, kila kimoja kwenye njia yake ya vumbi, na kati ya mkondo na mkondo madereva hupita barabara ya kawaida wakifuata sheria kama sisi. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kambi ya mafundi imekuwa Naivasha, kilomita kama 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, kwenye taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori. Kwa hiyo kila mtu anatafuta kitanda Naivasha. Lakini angalia siku zilivyopangwa kuanzia 2021 hadi 2025: Ijumaa magari yalizunguka pande za Ziwa Naivasha, kwenye mikondo kama Kedong, Jumamosi yakahamia upande wa Ziwa Elmenteita, kwenye Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, Jumapili yakarudi kumalizia Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha. Elmenteita iko mbele ya Gilgil ukielekea Nakuru. Aliyelala Naivasha Ijumaa usiku huamka Jumamosi akiwa na safari nzima mbele yake, na maelfu ya wenzake wako kwenye barabara hiyohiyo moja.

Na njia ya mkondo hufungwa mapema, saa kadhaa kabla gari la kwanza halijapita. Ikishafungwa imefungwa, hakuna kumbembeleza askari wala msimamizi, na wako sahihi, maana gari la rali likitokea kwenye kona halina nafasi ya kukukwepa. Ndiyo maana nasema umbali wa kilomita si kipimo cha kutosha. Uliza: kutoka kitandani hadi mahali pa kusimama, ni barabara gani nitapita, na barabara hiyo itakuwa wazi saa ngapi? Chumba kilicho kilomita tano kutoka kwenye mkondo, lakini njia yake pekee ndiyo inayofungwa, ni kibaya kuliko chumba cha kilomita thelathini kilicho kando ya lami.

Sisi wa magharibi mwa Tanzania tuna nafasi ambayo ushauri mwingi wa watalii hauigusi. Ushauri huo umeandikwa kwa mtu anayetua Nairobi: lala Nairobi, amka usiku, teremka kwenye Bonde la Ufa. Sisi hatutokei huko. Mtu wa Tabora anapita Nzega, Shinyanga, Mwanza, kisha Bunda na Tarime hadi Sirari, mpakani. Wenzetu wa Kigoma wakipitia Kasulu, Kibondo na Geita wanaingia Mwanza kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na ile foleni ya kusubiri kivuko imebaki historia. Ukishavuka kuingia Isebania, upande wa Kenya, na kufika Kisii, njia zinagawanyika. Moja inakwenda Kericho hadi Nakuru. Nyingine inapita Narok na kutokea Mai Mahiu. Ukiwa kwenye ile ya kwanza, unafika Nakuru, halafu Elmenteita, halafu Gilgil, ndipo Naivasha. Yaani tunakutana na mikondo ya Jumamosi kabla hatujauona mji wenyewe wa rali. Kwa nini tuipite, tukalale mbele kwa bei ya juu, halafu asubuhi turudi nyuma?

Kwa hiyo jibu langu ni Gilgil. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu, katikati ya Naivasha na Elmenteita, na Jumamosi unakuweka karibu na mikondo kuliko mji wowote mwingine wa kule. Jumapili unageukia Naivasha, safari isiyozidi nusu saa barabara ikiwa nyeupe. Gesti zake ni za kawaida, zile za wasafiri na wafanyabiashara, na kwa sababu timu na wageni wa ng'ambo hujibana kandokando ya Ziwa Naivasha, huku bei hazipandi kwa kasi ileile. Kuna jambo jingine linalonivutia mimi kama mtu anayependa vijana wajifunze safarini: kati ya Gilgil na Elmenteita kuna Kariandusi, mahali palipofukuliwa zana za mawe za watu wa kale, na Ziwa Elmenteita lenyewe, lenye heroe, limo katika Urithi wa Dunia tangu 2011. Jumamosi mchana, mzunguko wa kwanza wa mikondo ukiisha na wa pili haujaanza, kijana aliyekaa upande huu ana kitu cha kutazama zaidi ya chupa za bia.

Gilgil ikijaa, rudi Nakuru. Nakuru ni jiji, vitanda viko vingi vya kila bei, vyakula vipo mpaka usiku, na kutoka hapo hadi Elmenteita si mbali. Ubaya wake ni Jumapili: Nakuru hadi Naivasha ni kilomita kama 70, na hiyo ndiyo barabara ambayo wikendi ya sikukuu magari husimama yakaonekana kama yameegeshwa. Mwaka 2024 rali iliangukia Pasaka. Ukilala Nakuru siku kama hiyo, toka saa tisa usiku au usitoke.

Anayetaka Jumapili peke yake, kwa kuwa ndiyo siku ya mshindi na Hell's Gate ndio mkondo wa mwisho wenye pointi za ziada, huyo sitampeleka Gilgil. Atafute chumba barabara ya Moi South Lake, upande wa kusini wa ziwa. Siyo lazima hoteli kubwa. Karagita, makazi wanayoishi wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua, pana vyumba vya bei ya mwananchi, na kutoka huko unafika geti la hifadhi kwa bodaboda ukiamka mapema. Barabara ile ni moja tu. Jumapili asubuhi mwenye gari la kifahari na mwenye bodaboda wanaweza kupishana, na mwenye bodaboda akatangulia.

Hema ziwani nalo linapendwa, na naelewa kwa nini: migunga mirefu, moto, wimbo, Waganda, Wakenya na sisi tumekaa pamoja. Wapo wanaolala hivyo kila mwaka. Lakini viboko wa Naivasha hutoka majini usiku kula majani, na hawajali nani amelipia sehemu. Kambi nzuri ina uzio wa umeme kati ya mahema na maji, na ina mlinzi anayekesha. Kambi isiyo na vitu hivyo usiikubali hata kwa bure, hasa mkiwa na watoto. Uliza pia vyoo vingapi kwa watu wangapi, na kama vina taa. Kina mama na mabinti wanaosafiri nasi hawalisemi hili kwa sauti, ila ndilo linaloamua kama mwakani watarudi. Kiongozi wa kundi alisemee yeye kabla ya kulipa.

Baridi, jamani. Tabora iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Naivasha inakaribia 1,900 na Gilgil imezidi hapo. Mtu wetu akilala kwenye hema na shuka la khanga atakesha. Blanketi zito, soksi, kofia ya sufu.

Ukipiga simu gesti, usiishie kwenye bei. Mimi swali langu la kwanza ni geti linafunguliwa saa ngapi. Gesti nyingi za miji midogo hufunga geti usiku na mwenye ufunguo analala. Wewe unataka kutoka saa kumi alfajiri. Akikujibu "tutaona", tafuta kwingine. Akisema mlinzi yupo na chai itawekwa kwenye chupa, hapo umepata mwenyeji anayeijua rali. Halafu uliza kama bei ni ya mtu au ya chumba, kama lazima ulipie usiku zaidi ya mmoja, maji yapo, na gari linalala ndani ya uzio au barabarani. Malipo ya awali yasiende kwa namba ya mtu uliyemkuta mtandaoni na picha za bwawa la kuogelea. Mtafute Mtanzania au Mkenya anayeishi upande ule, apite mlangoni aone, ndipo utume. Nasi watu wa Tabora tuna ndugu Kenya, madereva wa malori na wafanyabiashara wa asali, tuwatumie.

Mkikata tiketi ya basi la Mwanza kwenda Nairobi, muulizeni kondakta anapita wapi baada ya Kisii. Akipita Narok, hatawafikisha Nakuru. Mtashuka Mai Mahiu na kupanda matatu hadi Naivasha, kisha nyingine hadi Gilgil, na hapo utaratibu wangu wote unakuwa mrefu. Ni afadhali kushuka Kisii na kutafuta gari la Kericho na Nakuru mchana. Pasipoti au hati ya safari iwe mkononi, na kadi ya homa ya manjano pia, msije mkalala Sirari badala ya Gilgil.

Nitaje jambo moja la kale. Mbio hizi zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alizishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Enzi zile mbio ndizo zilizotufuata. Mtu alisimama kando ya barabara ya kwao akazitazama, jioni akalala kwake. Leo sisi ndio tunazifuata, na kitanda kimekuwa sehemu ya mbio. Sioni sababu ya Mtanzania kuziona kama mbio za watu wengine.

Sasa kulala ndani ya gari. Kwa usiku mmoja, inafaa kwa masharti. Gari liwe ndani ya uzio unaolindwa: kituo cha mafuta chenye walinzi, kambi, au uwanja wa gesti ambako umelipia kuegesha na kutumia choo. Kioo kiachwe wazi kidogo, injini izimwe. Lisilale kwenye njia ya mkondo wala pembeni yake, hata kama mmewahi nafasi nzuri ya kutazama. Udongo wa bonde lile ukikauka ni vumbi laini linaloingia hadi kwenye masanduku, na mvua ikishuka baadhi ya sehemu zinakuwa kama mbuga zetu za udongo mweusi za Nzega na Igunga msimu wa masika: tairi linazama mpaka kwenye ekseli. Gari lililoegeshwa pakavu saa mbili usiku linaweza kuhitaji trekta asubuhi. Na dereva wenu asilale garini hata kidogo. Abiria wanaweza kujikunja kwenye viti vya Noah na kusinzia mchana, yeye hawezi. Anayeshika usukani kutoka Gilgil hadi Sirari Jumatatu apewe kitanda chenye godoro zuri, chumba cha nyuma kisicho na muziki, na kundi zima lichange kukilipia, kwa sababu njia ya Kericho ina kona na malori, na siku hiyo kila mtu garini atakuwa amelala isipokuwa yeye.