Maswali yenu: Dawa inafanya kazi, sasa kampuni inakufaje?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kuna hii kampuni ya Marekani inaitwa Dendreon, nimesoma ilikuwa ndogo tu ikatengeneza dawa ya kansa ya tezi dume, ikapewa kibali, hisa zikapanda balaa, halafu miaka michache tu ikafilisika. Mi ndo sielewi hapo, dawa kama inafanya kazi unafilisikaje? Au dawa yenyewe ilikuwa feki?

JIBU: Hapana ndugu yangu, feki haikuwa, na hilo ndo linaloniuma kwenye hii stori.

Dendreon walikuwa Seattle, miaka mingi wanaishi kwa hela za wawekezaji tu, hawana hata dawa moja sokoni. Mwaka 2007 jopo la wataalamu likapigia kura dawa yao, Provenge, 17 kwa 0 kwamba ni salama na 13 kwa 4 kwamba kuna ushahidi inafanya kazi, watu wakashangilia, kumbe FDA, yaani mamlaka ya dawa ya kule, ikasema bado, leteni ushahidi zaidi. Wagonjwa waliandamana kabisa. Ikabidi kusubiri utafiti mkubwa wa wanaume 512, nusu ya waliopata dawa waliishi kuvuka miezi 25.8, kwa waliopewa ya kuzugia ikawa miezi 21.7. Tarehe 29 Aprili 2010 kibali kikatoka.

Miezi 4 hivi ya ziada, kuna watu waliidharau. Mi siidharau hata kidogo, kwa mtu ambaye kansa imeshasambaa miezi 4 ni mingi.

Sasa shida ilianzia kwenye dawa yenyewe ilivyo. Siyo kidonge, kila mgonjwa anatengenezewa ya kwake kutoka kwenye damu yake. Unakaa kwenye kiti masaa 3 au 4, damu inatoka inapita kwenye mashine inachujwa chembe nyeupe, nyingine inarudishwa mwilini. Zile chembe zinapelekwa kiwandani, zinawekwa pamoja na protini inayozifundisha kuitambua kansa, halafu zinarudi kwako wewe yule yule kama dripu, siyo kwa mtu mwingine. Na mfuko ukishatayarishwa una masaa 18 tu, yakipita haufai tena, kwa hiyo usafiri ukikwama au mgonjwa asipofika unamwagwa, mnaanza upya kuchuja damu. Hiyo yote mara 3, kila baada ya wiki 2 hivi.

Bei ilipoingia sokoni 2010 ilikuwa dola 93,000 kwa dozi zote 3. Na kule dawa za dripu daktari ndo anainunua kwanza halafu anaidai bima, kwa hiyo mwenye kliniki ndogo akipata wagonjwa 3 tu ameshatoa dola 279,000 na hajui zitarudi lini, hata ungekuwa wewe ungeogopa. Bima ya serikali ilikuja kukubali rasmi kulipia mwishoni mwa Juni 2011, lakini madaktari walishakuwa waoga. Agosti mwaka huo huo kampuni, ambayo ilishaahidi mauzo ya dola milioni 350 mpaka 400 kwa mwaka, ikafuta ahadi, na hisa zikapoteza kama theluthi mbili ya thamani kwa siku moja tu!

Hapa ndo nawalaumu wakubwa wa kampuni. Walishajenga viwanda New Jersey, California na Georgia kwa ajili ya foleni ya wagonjwa ambayo haijafika, wakakopa dola milioni 620, na mkopo hausubiri daktari apate ujasiri.

Halafu washindani nao hao. Dawa ya Zytiga ilipata kibali Aprili 2011, ya Xtandi Agosti 2012, zote unameza nyumbani. Tena ukimeza hizo kile kipimo cha PSA, yaani cha damu cha kufuatilia kansa hii, mara nyingi kinashuka na mgonjwa anakiona, wakati Provenge inaongeza maisha lakini PSA kwa kawaida haishuki na uvimbe haupungui, daktari hana cha kumwonyesha mtu akiuliza naendeleaje. Hebu jiweke kwenye kile kiti, ungechagua nini?

Novemba 2014 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ndo huko kufilisika ulikosoma.

SWALI: Na dawa je, iliishia wapi?

JIBU: Ipo dada, haikufa na kampuni. Kampuni ya dawa ya Valeant waliinunua 2015, na 2017 ikauzwa kwa kampuni ya Sanpower ya China kwa dola milioni 820. Ila mi kinachonigusa zaidi ni kile kiwanda cha New Jersey. Dendreon walikiuza mwishoni mwa 2012 kwa kampuni ya dawa ya Novartis, dola milioni 43 tu, na ndani ya majengo yale yale, kazi ile ile ya kupokea chembe za mgonjwa mmoja na kumrudishia mwenyewe, ndo ikatengenezwa dawa ya Kymriah, iliyopata kibali Agosti 2017 kwa watoto na vijana wenye kansa ya damu iliyokataa matibabu mengine.