Barua kwa Zuhura kuhusu mitungi mitano

Utende, Mafia

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mama yako amesomewa zile sehemu ulizomsalimu. Unasema wewe na wenzako mmekubaliana kwenda kisiwa cha Mnemba, kule Unguja, Jumamosi ijayo, mzamie mitungi mitano ya hewa, yaani mbizi tano, kuanzia alfajiri mpaka usiku, kisha Jumapili saa tatu asubuhi mpande ndege mrudi Dar es Salaam. Swali lako ni kama mitungi mitano ni mingi mno kwa siku moja.

Unajua nitakalosema, kwa kuwa muda wote niliowaongoza wageni katika Ghuba ya Chole nilikuwa na neno moja, na ninyi watoto mlikuwa mkilimalizia kabla sijafika mwisho: hesabu dakika na mita, usihesabu mitungi. Mitungi mitano ya mita 10 si sawa na mitano ya mita 28, na anayeuliza idadi peke yake hajaniambia bado anataka kufanya nini.

Hewa ya mtungi wa kawaida ni hii hii tuivutayo nchi kavu, ambayo takriban sehemu 79 katika kila 100 ni naitrojeni. Kila ushukapo mita 10, mgandamizo huongezeka kwa kiasi kilicho sawa na uzito wa anga lote lililo juu yetu, hivyo ukiwa mita 30 unavuta hewa iliyogandamizwa mara nne, na naitrojeni nyingi hupenya katika damu, misuli na mafuta ya mwili; ukipanda upesi hugeuka mapovu yanayoumiza viungo. Mwaka 1908 yule Mskoti John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda kwa hatua, baada ya kuwafungia mbuzi katika chumba cha mgandamizo na kuwatazama ni wepi watakaochechemea wakitolewa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiwasikitikia mbuzi hao kila nilipowataja, na mimi nilikuwa nikikukatiza ili nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo leo ndilo linalowahusu: Haldane aliona kwamba mwili haujai wote kwa mwendo mmoja. Ziko sehemu zinazofikia nusu ya shehena yake kwa dakika 5, na ziko zinazohitaji dakika 75. Zile za haraka hujaa upesi na kupungua upesi, na saa moja ya kukaa juu ya boti inazitosha. Zile za polepole hazisikii sana mbizi ya kwanza, wala hazipati nafasi ya kupumzika baada yake, bali huendelea kukusanya mchana kutwa. Anayejitosa mara ya tano anaingia majini na salio la mara nne.

Kwa sababu hiyo jedwali la PADI, shirika linalofundisha wazamiaji, la mwaka 1988, lile lililochakaa ambalo bado limo katika mtoto wa meza yangu, lina sharti la pekee kwa wanaozamia mara tatu au zaidi kwa siku: ukifikia herufi W au X, ambazo ni alama za naitrojeni iliyosalia mwilini, kila mapumziko yanayofuata yasipungue saa 1, na ukifikia Y au Z, yasipungue saa 3. Ninyi mna kompyuta za kuzamia, zinazovaliwa mkononi kama saa, zinazofanya hesabu hiyo kila baada ya sekunde chache, na ni bora kuliko jedwali langu, ila kompyuta inajua kina na muda tu. Haijui kama umelala, kama umekunywa maji, wala kama umepigana na mkondo pale Mnemba, kwenye mwamba uitwao Kichwani, mpaka pumzi ikakuishia.

Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba ni wazimu. Ziko meli za wazamiaji katika Bahari ya Shamu na Maldives ambazo abiria wake huzamia mara nne kwa siku kwa wiki nzima, na walio wengi hurudi makwao wazima. Ningekuwa ninaamini kwamba mitano haifai kwa hali yoyote, ningekwisha kuandika hivyo katika mstari wa kwanza, na barua hii ingekuwa fupi.

Kinachonikalia rohoni ni kitu kingine, na hukukiuliza: kati yenu, ni nani atakayesema basi?

Kisa cha Ghuba ya Chole unakijua, lakini unakijua kwa kinywa cha ami yako Shaibu, ambaye amekisimulia katika kila harusi ya ukoo huu, hata ya dada yako, mbele ya wakwe. Ilikuwa katika ile miaka ya mwanzo ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Wageni hawakuwapo siku hiyo. Tulikuwa sisi kwa sisi, boti ni yetu, mafuta tumechangishana, na mitungi imejazwa tangu usiku. Yalikuwa maji mafu na yalikuwa yakijaa asubuhi, kwa hiyo tulianza na mlango wa Kinasi wakati maji safi ya bahari kuu yakiingia, na sijawahi kuona chewa wakubwa wametulia vile, wala kusikia watu wazima wakicheka kupitia vifaa vya kupumulia. Tulipumzika, tukazamia tena ndani ya ghuba, tukala, tukazamia tena. Ilikuwa siku njema kuliko nyingi nilizowahi kulipwa.

Alasiri Shaibu akasema mtungi mmoja umebaki kwa kila mtu, tukamalizie kwenye nyasi za bahari, mita 9 tu. Nilivaa. Nikatazama kipimo cha hewa, nikageuka kukaza mkanda, na nilipogeuka tena nikagundua kwamba sikumbuki namba niliyoisoma punde. Nikavua mtungi, nikasema mimi nimekwisha. Hapakuwa na maumivu wala kizunguzungu, ila kichwa kilikuwa kimechoka. Waliniita mzee, wakaniita bibi harusi, wakashuka. Baada ya dakika arobaini hivi wakaibuka mmoja mmoja wakipiga kelele kwamba wamemwona nguva akila nyasi, karibu nao kiasi cha kumhesabia masharubu.

Nguva, Zuhura! Mimi nimeishi kando ya bahari hii maisha yangu yote na sijamwona aliye hai.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba hawakumwona. Maji yalikuwa yakipwa, ghuba imechafuka, na samaki taa mkubwa akipita kwenye vumbi la mchanga anaweza kumdanganya mtu aliyezamia tangu asubuhi. Lakini Shaibu anashikilia kwamba mkia ulikuwa mpana, umegawanyika katikati kama wa nyangumi, na taa hana mkia wa namna hiyo; tena Shaibu ana makosa mengi ila uongo wa baharini hana. Basi walimwona. Wala hakuna hata mmoja aliyeumwa kiungo usiku ule, kwa hiyo kisa changu hakifai hata kwa kukutisha. Nimelipitia jedwali kuhusu siku ile mara nyingi, na kila mara jedwali linaniambia kwamba ningeweza kushuka. Hesabu dakika na mita, nimesema, na dakika na mita ziliniruhusu.

Kisha najijibu kwamba uchovu hauna safu yake katika jedwali, na mtu asiyeweza kushika namba moja kichwani kwa muda wa kukaza mkanda hatamfaa mwenzake hewa ikimwishia. Jibu hilo ni zuri, na ninalo tayari kila nikutanapo na Shaibu, ila halijawahi kuniondolea kile kinyongo cha kukaa botini na nahodha, tukimenya machungwa, huku nguva akila chini yetu. Na kile kicheko chao wakati navua mtungi ndicho ninachotaka ukifikirie. Wazamiaji wote hufundishwa kwamba yeyote anaweza kuivunja mbizi wakati wowote, bila kutoa sababu. Ni kanuni nyepesi mtungi wa kwanza. Mtungi wa nne, katikati ya marafiki waliolipia siku nzima, kuisema kunahitaji uso mkavu, na sijui kama mmoja wenu anao. Wewe ulikuwa nao ulipokuwa na miaka sita. Tangu uajiriwe sina hakika.

Yanayosalia ni mepesi. Anzeni na kina kikubwa asubuhi mkiwa na nguvu, na mwamba wa Wattabomi uachwe wa baadaye, sehemu yake ya juu. Simameni dakika 3 kwenye mita 5 kila mnapopanda, hata kompyuta isipodai. Kunyweni maji. Kabla ya kulipa, muulizeni mwenye boti kama anabeba oksijeni, na mtungi wake muuone kwa macho. Anayesema jioni kwamba bega linamuuma kwa sababu alilala vibaya, asiaminiwe.

Na ile ndege. Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, linashauri baada ya mbizi nyingi mtu akae angalau saa 18 kabla ya kuruka. Mkitoka kwenye mbizi ya usiku saa mbili, saa 18 zinatimia saa nane mchana wa Jumapili. Ndege yenu ya saa tatu asubuhi itawakuta na saa 13. Hapa sina haja ya kujibishana na nafsi yangu: rudini kwa boti kutoka bandari ya Malindi, pale Unguja, ni kiasi cha saa mbili, na tiketi za Jumapili huisha mapema.

Kuhusu hiyo mitano yenyewe, ulimi unaniwasha, lakini mwenye mtungi mgongoni ni wewe. Mama yako anasema mitatu, na yeye hajawahi kuzama zaidi ya kiuno. Ukifika, niandikie kina na muda wa kila mbizi, pamoja na mapumziko. Nitalitoa jedwali mezani nizipitie.

Wako mzazi,
Baba