Euro kumi za wagonjwa nisiowajua

Yaya, mkubwa wangu, swali lako nililisoma saa kumi usiku, nikiwa kwenye mapumziko kazini. Umeliandika kwenye kundi letu la simu, mbele ya familia nzima: «Unatoa makuta, pesa zako, kwa wagonjwa wa wazungu na huku paa la Baba mdogo linavuja pale Majengo, Goma. Huo ni moyo gani?» Najua kilichokuudhi ni ile picha, mimi nimeshika kopo la Télévie, michango ya kupambana na kansa. Nimenyamaza siku nne. Leo siingii kazini, ngoja nijibu, tena kwa hesabu, maana maneno ya watu wa Bulaya, sisi tulioko Ulaya, mmeyachoka.

Kazi yangu ni ya usiku, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Liège, hapa Ubelgiji. Tunapanga vifurushi vinavyoshuka kwenye ndege. Serikali ikishakata chake, mkononi zinabaki kama euro 1,950. Nyumba inakula 720. Umeme na gesi 160, na wakati wa baridi zinapanda. Basi, simu na mutuelle, yaani bima ya afya, 110. Chakula 320. Kuna pia mkopo niliochukua Mama alipopasuliwa, nalipa 150 kila mwezi hadi mwakani. Zinabaki 490, na ndani ya hizo 250 zinakuja Goma kila mwezi tangu 2017. Sikuwahi kuziandika hivi. Mlidhani nina zaidi, nami nikawaacha mdhani hivyo, kwa sababu ilinipendeza kuonekana mtu mkubwa. Hilo ni kosa langu.

Télévie inapata 10 kwa mwezi. Ni mchango ulioanzishwa na televisheni ya hapa mwaka 1989 kwa ajili ya utafiti wa kansa, hasa ile ya damu. Mzee aliyenifundisha kazi ghalani alikuwa na mjukuu mwenye ugonjwa huo, na mtoto akapona. Nilianza kutoa mwaka ule. Na jambo litakalowachekesha: ukitoa angalau euro 40 kwa mwaka kwa shirika linalotambuliwa, serikali inakurudishia sehemu kwenye kodi. Zamani ilikuwa 45%, sasa wameshusha hadi 30%. Kwa hiyo katika 120 zangu za mwaka, 36 zinanirudia. Mama yangu si shirika linalotambuliwa, kwa hiyo risiti zake zinajaza droo tu.

Lakini najua hukuuliza habari za kodi. Uliuliza moyo.

Unakumbuka tarehe 17 Januari 2002? Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani, wewe ulibeba godoro kichwani, mimi nilibeba sufuria lenye bugali ya asubuhi. Tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Kuna mama muuza maziwa alitulaza sebuleni kwake usiku tatu, watu tisa, na hakuna aliyemjua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Watoto wake walikula viazi nusu sahani ili nusu ije kwetu. Hatukumlipa. Hata jina lake hatukulishika, sisi tulimwita Mama wa Maziwa tu. Sasa fikiria mume wake angesimama mlangoni na kumwuliza, «Huo ni moyo gani, wageni wanakula na wanao wanapungukiwa?» Tungelala nje, Yaya, na majivu yakituangukia.

Makuta ninayowatumia ninyi, mimi siyaiti sadaka. Ni deni. Mlinilipia minervali, ada ya shule, mkauza mbuzi wawili nikapata tiketi. Deni halina sifa, linalipwa tu. Zile kumi ndizo pekee ambazo hakuna aliyeniomba wala atakayenishukuru, na kusema kweli zinanipumzisha. Kila simu ya Goma ikiita, moyo unadunda kabla sijapokea.

Tuje kwenye paa. Mwaka 2022 nilituma dola 600 za mabati. Zikageuka pikipiki. Sitasema nani aliipanda, anasoma hapa. Baadaye nikatuma tena, kidogo kidogo, zikafika dola 1,400, nazo nikasema ziwekwe benki ili zisiguswe. Kweli hazikuguswa! Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, benki zikafungwa, na makuta ya Baba mdogo yakabaki humo. Yameandikwa kwenye karatasi, mkononi hayapo. Paa linavuja kwa sababu hiyo na kwa sababu ya pikipiki. Kumi za Télévie hazijatoboa bati lolote.

Wakati ule ule, Mama na wenzake ishirini na wanne wa AVEC, chama cha kuweka na kukopa, ya pale soko la Virunga walikuwa na sanduku lao la chuma, kufuli tatu, na funguo kwa wanawake watatu tofauti. Walikutana jikoni kwetu, wakafungua, wakagawana kabla ya mwisho wa mwaka wao. Mama alipata dola 180, huku wenye akaunti wakitazama milango imefungwa. Mimi niliyekuwa namcheka, «Mama, hayo ni mambo ya likelemba, michezo ya kuchangishana ya zamani, weka benki», nilinyamaza. Sisemi sanduku ni salama kuliko benki. Lingeweza kuibwa usiku mmoja. Ila wenye funguo walikuwa karibu, na walijuana.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Zile 250 zinabaki. 150 ni za Mama, na yeye ndiye ataamua hisa ngapi ziende AVEC na ngapi ziende sokoni. Mia moja ni minervali, naongea na shule moja kwa moja, mnisamehe. Nitatuma mara moja kwa mwezi, si vipande vipande, kwa sababu ada inakatwa hapa, kisha mtu wa kibanda huko anakata yake, halafu mnapewa noti iliyochanika kidogo ambayo duka linaikataa. Umoja wa Mataifa ulisema ada hizi zishuke chini ya 3% kufikia 2030. Mimi bado sijaiona hiyo 3%.

Ugonjwa au msiba, mnipigie, msiandike kwenye kundi.

Mabati nitayanunua kupitia Mama, manne au matano kila mwezi utakaoruhusu, yawekwe chumbani kwake mpaka yatoshe. Baba mdogo anipigie mwenyewe aniambie anataka bati la unene gani, BG 28 au BG 30, na paa lake ni mita ngapi. Asipige asubuhi, ndiyo saa ninazolala.