Wasomaji wauliza: programu gani ya kukata matangazo kwenye video nilizorekodi?

Swali. Assalamu alaykum, Bwana Mhariri. Ramadhani narekodi darsa za televisheni kwa king'amuzi, zinaingia kwenye fleshi, ili mama azitazame kwa wakati wake. Matangazo ndiyo yanayomchosha. Laptopu yangu ni ya zamani, RAM yake ni GB 4. Nilijaribu programu moja ya kuhariri video, darsa ya saa moja ikala usiku mzima, na ilipokwisha picha ilikuwa na ukungu. Hakuna programu nyepesi, ya bure?
*Msomaji, Mkomani, Lamu*

Jibu. Wa alaykumu ssalaam, ndugu yetu. Laptopu yako haina kosa. Programu uliyotumia huifumua video yote na kuibana upya, hata sehemu ambazo hukuzigusa. Hilo ndilo linaloichosha prosesa, na kila video inapobanwa upya hupoteza ubora. Wewe huna haja ya kurekebisha rangi wala kuandika majina juu ya picha. Tafuta programu inayonakili video kama ilivyo na kuviacha nje vipande usivyovitaka. Hapo darsa ya saa moja humalizika kwa dakika chache, kwa sababu kazi iliyobaki ni ya diski kusoma na kuandika.

Ziko mbili tunazozipendekeza, zote za bure: Avidemux na LosslessCut. LosslessCut inapendeza macho na ni rahisi kujifunza, lakini hula RAM zaidi na matoleo yake mapya yanataka Windows ya karibuni. Kwa laptopu ya GB 4 chukua Avidemux. Ipakue kwenye avidemux.org, usiifuate kwenye tovuti za kugawa programu ambazo huibandika na vikorokoro vingine.

Kwanza nakili faili kutoka kwenye fleshi hadi kwenye diski ya laptopu. Ukisoma na kuandika kwenye fleshi hiyo hiyo kazi hukawia sana. Fungua faili ndani ya Avidemux. Upande wa kushoto, “Video Output” iache kwenye “Copy”, “Audio Output” nayo “Copy”, na “Output Format”, yaani aina ya faili itakayotoka, chagua MKV.

Sasa makini, maana wengi hukosea hapa. Video ya televisheni haihifadhi picha nzima kila mara. Huweka fremu (picha moja katika mfululizo wa video) moja kamili, kisha fremu nyingi zinazobeba mabadiliko tu, halafu fremu kamili nyingine, pengine baada ya nusu sekunde, pengine baada ya sekunde kadhaa. Avidemux huonyesha aina ya fremu uliyosimama: I ni kamili, P na B ni za mabadiliko. Kipindi kinaporudi baada ya tangazo, lazima kianzie kwenye I. Mshale wa juu kwenye kibodi hukupeleka I inayofuata, wa chini I iliyotangulia.

Simama mahali tangazo linapoanza, kwenye I au P, bonyeza [ kuweka alama A. Nenda hadi I ya kwanza ya darsa baada ya tangazo, bonyeza ] kuweka alama B. Fremu yenye alama B haifutwi, hivyo usiogope kupoteza neno. Bonyeza Delete. Ukikosea, Ctrl+Z. Kama uliandika saa za matangazo kwenye karatasi, anza kufuta la mwisho ukirudi nyuma. Ukianza na la kwanza, video itafupika na saa zote ulizoandika zitakuwa si zake.

Kabla ya kuhifadhi kwa Ctrl+S, hakikisha A iko mwanzo kabisa na B mwisho kabisa. Avidemux huhifadhi kilicho baina ya alama mbili tu. Alama ikibaki katikati, utapata kipande cha darsa. Faili ya asili usiifute mpaka umeitazama mpya pale palipokatwa.

Tumesema MKV kwa sababu mbili. Huvumilia aina nyingi za sauti, na umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, sehemu iliyokwisha kuandikwa kwa kawaida hufunguka. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, hivyo ikikatizwa haifunguki. Kama televisheni ya mama haisomi MKV, chagua MP4. Sauti ikigoma, ibadilishe sauti peke yake kuwa ya aina ya AAC, picha ibaki “Copy”.

Swali. Nimekata mechi kwa Avidemux. Kila nilipokata, picha inavunjika miraba miraba kama sekunde mbili. Halafu kipindi cha pili sauti inatangulia picha. Na king'amuzi kimeigawa mechi faili mbili, sijui kwa nini.
*Msomaji wa kike, Maweni, Malindi*

Jibu. Dada, miraba ni alama B iliyowekwa kwenye fremu ya mabadiliko, ya P au ya B, badala ya I. Rudia kwa mshale wa juu.

Kuhusu sauti, cheza kwanza faili ya asili mahali hapo hapo. Mara nyingi utaona mkwaruzo au picha iliyoganda: mawimbi yalipotea kidogo wakati wa kurekodi. Hifadhi kipindi cha pili kama faili ya peke yake, washa “Shift” chini ya sauti, weka 300, yaani milisekunde 300, kisha tazama. Ikizidi kuharibika, weka -300. Ongeza au punguza mpaka midomo na maneno vikutane. Kisha kagua antena. Upepo wa kusi huitikisa, na chumvi ya bahari hula viungio vya kebo. Kiungio chenye kutu kibadilishe, usikifute tu.

Faili mbili zinatokana na fleshi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haipokei faili moja inayofika GB 4. Chaneli ya Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) hujaza takriban MB 900 kwa saa, lakini ya HD ya Mbps 5 hujaza kama GB 2.25, na mechi pamoja na mapumziko na uchambuzi huvuka hapo. Fungua faili ya kwanza, kisha tumia “Append” kuongeza ya pili kabla hujaanza kukata.

Swali. Ipo programu inayotafuta matangazo yenyewe? Na kwa nini rekodi za king'amuzi changu cha kulipia hazifunguki popote?
*Msomaji, Barani, Malindi*

Jibu. Ipo Comskip, ya bure. Hutafuta fremu nyeusi, ukimya na kutoweka kwa nembo ya kituo. Kituo kisichoweka weusi baina ya tangazo na kipindi huikanganya, nayo inaweza kula kipindi chenyewe. Ichukulie kama mpiga ramli wa mahali pa kutazama, ukate kwa mkono wako. Tangazo linalobanwa pembeni huku mechi ikiendelea halikatiki kwa njia hii, kwani ukilitoa umetoa na mchezo.

Ving'amuzi vingi vya kulipia hufunga rekodi kwa siri ili ichezwe ndani ya king'amuzi hicho tu. Avidemux wala LosslessCut hazitaifungua. Kama unataka kukata, rekodi chaneli za bure kwa king'amuzi cha DVB-T2, yaani cha antena ya kawaida, chenye tundu la USB, na kabla ya kukinunua omba dukani wakurekodie dakika mbili, kisha ujaribu faili hiyo kwenye kompyuta.