Barua kwa mwanangu: uchovu wa kungoja zamu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na swali lako la mwisho limenikaa moyoni. Umeniuliza: "Mama, mimi napewa saa 18 tu kwa wiki, na kuna wenzangu hawana kazi kabisa. Kwa nini nachoka kuliko mtu anayeshinda kazini kutwa nzima, na nina haki gani ya kulalamika?"

Nianze na hiyo haki. Leo ukihojiwa na mtu wa takwimu, ataandika kwamba una kazi. Kwa kipimo kinachofuatwa na nchi nyingi, hata saa 1 ya kazi ya malipo katika wiki inayohesabiwa inatosha kukutoa kwenye kundi la wasio na ajira. Basi unahesabiwa pamoja na mwenye kazi ya kutwa, na shida yako haionekani. Wanaohesabu kwa makini wanalijua hilo. Mwaka 1998 wanatakwimu wa kazi waliokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) walikubaliana kwamba mtu anayetaka saa zaidi, yuko tayari kuzifanya, na hazipati, ahesabiwe peke yake. Hiyo ni ajira pungufu. Marekani huwahesabu kila mwezi watu wanaofanya chini ya saa 35 kwa wiki kwa sababu za kiuchumi. Mwishoni mwa 2007 walikuwa kama milioni 4.6. Mdororo wa uchumi ulipokolea, mwaka 2009, walifika kama milioni 9. Watu wote hao hawakuingiwa na uvivu ndani ya miaka miwili. Walipunguziwa saa au walikosa kazi ya kutwa, kama wewe.

Sasa huo uchovu. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi uliohusu watu zaidi ya 70,000. Waliona kwamba kama saa 8 za kazi ya malipo kwa wiki zinatosha kumpa mtu ile nafuu ya akili inayoletwa na kuwa na kazi. Niliposoma hayo nilikukumbuka wewe, maana yanaonyesha kwamba saa kuwa chache, peke yake, hakumwumizi mtu. Kuna wanaochagua kazi ya nusu siku ili walee au wasome, na wanaishi vizuri. Wewe hukuchagua. Na zaidi ya hapo, saa zako hujui zitaangukia wapi.

Umeniandikia mwenyewe kwamba unalala na simu kando ya mto, sauti imefunguliwa, kwa sababu msimamizi hutuma ujumbe usiku: kesho njoo, au kesho usije. Siku nyingine unapewa kazi ya muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa tatu jioni, na katikati hapo huwezi kurudi nyumbani wala huna pa kupumzika. Ulitafuta kazi ya pili ukashindwa kuiahidi hata siku moja ya wiki, maana ratiba ya ile ya kwanza inabadilika kila mara. Mwanangu, hesabu zile saa ulizozitenga ukingoja kuitwa. Hizo ni kazi. Mwili wako unazihesabu hata kama hati ya mshahara haizihesabu, na ndizo zinazokumaliza.

Halafu kuna hofu, na hii inaniudhi kuliko yote. Mwajiri wa mfanyakazi wa kutwa akitaka kumwondoa, lazima amwachishe kazi, atoe sababu, afuate utaratibu. Wewe, mwajiri wako hana haja ya kukuachisha. Anakupunguzia zamu tu wiki ijayo, bila kusema neno. Ndiyo maana ulikwenda kazini na homa. Ndiyo maana hukuuliza kuhusu yale malipo yaliyopungua. Mtu akikaa hivyo miezi na miezi, anaanza kujiona hana thamani, anakwepa marafiki kwa kuogopa kualikwa mahali pa kutumia pesa, anaahirisha kwenda hospitali. Nimeona kwenye barua yako kwamba umeanza kuahirisha. Hilo nalikataa, nenda wiki hii.

Kuhusu la kufanya, sina dawa ya siku moja. Ila usidhani haiwezekani kubadilika. Mkataba wa ILO namba 175 wa mwaka 1994 unataka mfanyakazi wa saa chache alindwe sawa na wa kutwa katika usalama kazini, katika kujiunga na chama na dhidi ya ubaguzi. Si nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo ulizia kwanza sheria ya huko uliko inasemaje. Nyuzilandi, tangu 2016, mwajiri anayemtaka mtu akae tayari kuitwa sharti amlipe fidia kwa kukaa huko. Ayalandi, tangu 2019, mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja saa chache kuliko anazofanya kweli anaweza kudai mkataba ulingane na saa alizofanya katika miezi 12 iliyopita.

Madai ya namna hiyo husimama kwa kumbukumbu. Nunua daftari. Andika kila zamu, saa uliyoingia na uliyotoka, na zile zilizofutwa, pamoja na muda ulioarifiwa. Ujumbe wa msimamizi usiufute. Kisha omba kwa maandishi mambo mawili tu: ratiba itoke mapema, hata wiki moja kabla, na nafasi ya kutwa ikipatikana mfikiriwe ninyi mliomo kabla ya kuajiri watu wapya. Nimeandika "ninyi" kwa makusudi. Usiende peke yako, kwa sababu mmoja hupunguziwa zamu kwa urahisi. Kumi wakipunguziwa siku moja, kazi inalala. Kama kuna chama cha wafanyakazi, waone kwanza kabla ya kupeleka barua.

Na ukipata mahali pengine penye saa za uhakika, hata kama malipo kwa saa ni madogo kidogo, usione aibu kuhama.

Nipigie picha mkataba wako, kurasa zote, hasa ile inayotaja saa, unitumie. Nataka kuusoma kabla hujaandika chochote.

Mama yako