Samarkand: dereva wako asiingie nawe Makumbusho ya Afrasiab

Dada, usimlipe huyo dereva. Kama umekwisha kumpa arubuni ya gari, hiyo ni haki yake, lakini ile nyongeza aliyoitaka ili awe mwelezaji wenu ndani ya makumbusho usimpe hata senti. Umeandika kwamba mwezi wa Aprili unakwenda Samarkand, Uzbekistan, na mumeo na watoto wawili kwa siku tatu, kwamba dereva mmoja amekubali kuwazungusha kutwa na kuwaeleza kila kitu, na ukauliza kama mwelezaji ni wa lazima katika Makumbusho ya Afrasiab, usafiri kutoka Tashkent, mji mkuu, ukoje, mavazi gani yanafaa, chakula kinapatikana wapi na kama picha zinaruhusiwa. Nilipofika mahali uliponukuu maneno yake, kwamba Afrasiab ni chumba kimoja tu na nusu saa inatosha, nilishindwa kuendelea kusoma, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2016, na hasara yake sijamaliza kuilipa mpaka leo.

Mimi ni mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, na nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu. Kila ifikapo Julai kijiji chetu hujaa wageni wanaokuja kutazama Mwaka Kogwa, wakaona wanaume wakipigana kwa migomba na kibanda cha makuti kikitiwa moto, kisha wakarudi hotelini. Sisi wenyeji tunajua kwamba siku hiyo ni ya kwanza ya mwaka wa kale wa pwani, mwaka ambao manahodha na wakulima waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwamba jina lake la asili ni Nairuzi, yaani Nauruzi, mwaka mpya wa Waajemi. Tangu ujana wangu nilitaka kwenda mahali ambapo Nauruzi ilikuwa sikukuu ya wafalme kabla haijavuka bahari kuja kwetu. Nilikusanya fedha kwa miaka, nikapitia Muscat kwa dada yangu, na hatimaye nikafika Samarkand nikiwa na daftari jipya na kalamu mbili.

Wakala wa safari aliyenipangia ziara ndiye aliyenipotosha wa kwanza. Alinihakikishia kwamba kuingia makumbusho bila mwelezaji ni kwenda kutazama vigae, akanipa mtembeza wageni wa siku nzima, na akaibana Afrasiab kati ya majengo mashuhuri ya mji, Registan, Bibi-Khanym na Shah-i-Zinda, kama mtu anayesukumia nguo ya mwisho ndani ya sanduku lililokwisha kujaa. Nilimwambia mapema, kwa maandishi, kwamba nimekuja kwa ajili ya Nauruzi. Alinijibu kwamba huyo mtembeza wageni anajua kila kitu.

Tulikaa ndani dakika 25. Kumi kati ya hizo zilikwisha ukumbini, nikisimuliwa habari za Afrasiab, mfalme wa Turan katika Shahnama, utenzi wa Kiajemi wa Firdausi, ambaye jina lake limepewa kilima cha mji wa kale yalipo makumbusho. Hadithi ni tamu, lakini haihusiani na kitu chochote kilichomo kabatini. Masanduku ya udongo ya kuhifadhia mifupa ya wafu tuliyapita bila kusimama. Tukaingia kwenye chumba chenye michoro ya ukutani. Mwelezaji wangu akasimama mbele ya ukuta wa kusini, akanipa mgongo wake na nusu ya ukuta, akanyoosha kidole kwenye ndovu mweupe na kusema, "Hii ni harusi. Juu ya ndovu ni bibi harusi wa mfalme." Nikamuuliza kama humo chumbani kuna chochote kinachohusu Nauruzi. Akacheka kwa upole, akasema Nauruzi ni mwezi wa Machi na hapa hakuna habari zake, tufanye haraka kwa sababu tumechelewa. Nami, mtu mzima niliyewafundisha wanafunzi kwamba chanzo kimoja hakitoshi, nikaandika daftarini: harusi.

Sikuishia kuandika. Niliporudi nyumbani nilifundisha harusi hiyo kidato cha tatu kwa miaka miwili mfululizo, na wanafunzi wakachora ndovu na bibi harusi kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani mwa darasa. Lililo zito zaidi ni kwamba siku ya Mwaka wazee waliniita barazani niwasimulie safari, nikawaambia mbele ya watu kwamba nimefika Samarkand yenyewe, nimeitafuta Nairuzi, na sikuikuta. Mzee mmoja aliyekuwa na hamu kubwa kuliko wote alinyamaza, akainamisha kichwa. Alifariki kabla sijapata nafasi ya kurudi kwake na kumwambia kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya Nairuzi yenyewe.

Aliyenizindua ni mwanafunzi wangu wa zamani anayesoma ng'ambo. Alinitumia picha ya ukuta ule ule wa kusini, ikiwa nzima, bila mgongo wa mtu mbele yake, na chini yake aliandika maswali mawili: "Mwalimu, hawa bata bukini wanne wanakwenda harusini kufanya nini? Na kwa nini walio karibu nao wamefunga midomo kwa kitambaa?" Nimehudhuria harusi nyingi maishani mwangu, na bata huwa jikoni, si katikati ya msafara. Nilikaa na picha ile usiku mzima. Bata walikuwapo siku ile niliposimama pale. Farasi alikuwapo pia, ametandikwa vizuri na hana mpandaji. Sikuwa nimeviona, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuambiwa ninachokitazama.

Nilirudi mwaka 2019, safari hii bila wakala na bila ratiba ya mtu. Niliingia asubuhi na mapema, nikaketi ndani ya chumba kile saa mbili nikiandika ninachokiona tu, bila kukipa jina. Kisha nilikwenda kwenye dirisha la tiketi na kuomba mwelezaji wa makumbusho wenyewe. Akaja mama mmoja wa makamo, Kiingereza chake cha polepole lakini kilichopangika, na kabla hajaniambia neno lolote aliniuliza, "Wewe umeona nini?" Nikamsomea daftari langu. Alisikiliza mpaka mwisho, na alipoanza kueleza alikuwa anajibu maswali yangu mimi.

Akanieleza kwamba chumba hiki kilikuwa katika nyumba ya mtu mkubwa wa Samarkand ya Wasogdi, wenyeji wa kale wa nchi hiyo, katika karne ya 7, enzi za mfalme Varkhuman, na kwamba kiligunduliwa mwaka 1965 wakati wa ujenzi wa barabara, mashine zikawa zimekwisha kukata sehemu ya juu ya kuta. Ndiyo sababu juu ya ndovu hakuna sura unayoweza kuitambua. Yule bibi harusi niliyeonyeshwa kwa kidole hakuwapo ukutani kabisa. Alikuwa katika tafsiri ya mtu. Nilimwomba anirudie sentensi hiyo mara mbili.

Hapo lazima niwe mwadilifu kwa yule wa kwanza. Harusi hakuizua. Al'baum, mtaalamu aliyechapisha michoro hiyo katika miaka ya 1970, ndiye aliyeuona msafara huo kuwa wa bibi harusi, na maelezo hayo yakaenea kwa watembeza wageni na kubaki huko. Kosa lake ni kunipa rai ya mtu mmoja kama kwamba ni maandishi yaliyo chini ya picha, na kunifungia mlango nilipouliza swali ambalo wataalamu wenyewe wanalijadili. Wapo wanazuoni, akiwemo Mfaransa Frantz Grenet, wanaosema kwamba huo ni msafara wa mfalme kwenda kwenye maziara ya wazee wake, na kwamba siku yenyewe ni Nauruzi. Bata na farasi ni wa kafara. Waliofunga midomo ni watu wa ibada ya Kizoroasta, ambao hujifunika hivyo ili pumzi zao zisitie unajisi kilicho kitakatifu, dini ile ile ya Waparsi ambao wazee wetu wa Mji Mkongwe waliishi nao mtaa mmoja. Yule mpanda farasi aliyechorwa mkubwa kuliko wenzake wote ndiye Varkhuman.

Na ule mwezi wa Machi? Mama yule alitabasamu. Mwaka wa kale wa Wasogdi, kama ule wa Waajemi, ulikuwa wa siku 365 bila siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo Nauruzi ilikuwa ikisogea polepole ndani ya majira, na katika karne ya 7 ilikuwa imeangukia kiangazi. Nikamwambia kwamba mwaka wetu wa Nairuzi nao ni wa siku 365, nao husogea hivyo hivyo, na ndiyo sababu sisi tunauoga mwezi wa Julai wala si Machi. Akaniomba nimwandikie neno "Nairuzi" kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia katika mfuko wa koti lake.

Basi shika hili moja, dada yangu, hata kama mengine yote utayasahau: mzunguko wa kwanza ni wako peke yako, na mwelezaji aje mzunguko wa pili, naye awe wa humo humo ndani. Usibadilishe mpangilio huo. Ukimtanguliza mwelezaji, macho yako yanakuwa yake, na kitu ambacho hakukitaja hutakiona hata kikiwa na urefu wa mita kumi. Ukiingia bila mwelezaji kabisa, kama baadhi ya watu wanavyoshauri ili kuokoa fedha, utaona buluu iliyofifia na watu waliokatwa vichwa, utatoka baada ya robo saa ukisema umefika. Vibao vya maelezo ni vifupi, na hakuna kibao kitakachokujibu swali lako.

Wasomee watoto kidogo kabla ya kuingia. Kwenye ukuta wa magharibi, ule unaokutazama ukiingia mlangoni, kuna wajumbe wa nchi mbalimbali, Wachina wenye hariri mikononi, Wakorea wenye manyoya kofiani. Kuna pia maandishi ya Kisogdi ya mjumbe wa Chaghaniyan, nchi jirani, ambaye anamwambia mfalme asiwe na shaka naye, kwa kuwa miungu ya Samarkand na maandishi ya Samarkand anayafahamu vizuri. Mgeni yule alisoma habari za wenyeji wake kwanza, ndipo akaingia. Ukuta wa kaskazini una Wachina tena, bibi mkubwa yuko mashuani na wanaume wanawinda chui. Hayo yanatosha. Ukuta wa kusini usiwaambie chochote. Waache wahesabu bata wenyewe, na kila mmoja aandike swali moja. Mama yule, au yeyote watakayemkuta, atapata pa kuanzia. Na kila atakapowaambia "hii ni kadha", mfundishe mtoto wenu mkubwa aulize kwa adabu, "Tunajuaje?" Mwelezaji anayekijua chumba chake hufurahi kuulizwa hivyo. Anayekunja uso au kutazama saa, mshukuru na umwachie aende.

Wale wanaowauzia watu siku moja ya "Samarkand yote" nina uchungu nao, na sitauficha. Wanajua vizuri kwamba Registan ndiyo inayouza ziara, kwa hiyo kilima cha Afrasiab, ambako mji wenyewe ulikuwapo mpaka Wamongolia walipouangamiza mwaka 1220, wanakitia kwenye karatasi ili orodha ionekane ndefu. Mtu anatoka Unguja, anatoka Mombasa, anatoka Bujumbura, ametumia akiba ya miaka, na wao wanampa dakika 25 na mgongo wa mtu mbele ya ukuta. Yule wakala nilimwandikia baada ya kujua ukweli. Alinijibu kwa kunipa punguzo la safari ijayo.

Kuhusu usafiri, treni ya mwendo kasi inayoitwa Afrosiyob inatoka Tashkent hadi Samarkand kwa muda wa saa mbili na kidogo. Kata tiketi mapema kwa sababu hujaa. Ukifika, siku ya kwanza nendeni Registan mshibishe macho, na Afrasiab muipe asubuhi nzima ya siku ya pili, watoto wakiwa bado na nguvu. Msiichanganye na mahali pengine popote kabla ya adhuhuri. Dereva awashushe mlangoni, aende zake akanywe chai, na kama ni mtu mwema hatachukia.

Mpigie leo jioni, usingoje mpaka mkutane naye kituoni, kwa sababu akishasimama mbele yenu na tabasamu lake utaona haya kumkatalia. Mwambie asubuhi ya siku ya pili hamumhitaji mpaka saa saba mchana.