Swali la lugha: Utu, hadhi, heshima au staha?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa maadili kwa wahudumu wa afya na kwa mafundi wanaounda programu za hospitali. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 limetumia "hadhi", wenzangu wanataka "heshima", mimi navutwa na "utu". Naweza kuyabadilishana?

JIBU: Yatumie yote, ila usiyabadilishane.

Thamani aliyonayo mtu kwa kuwa mtu tu, hata akiwa amezimia, ni utu. Ni shina -tu la "mtu" lililopewa u- ya dhana. Halina wingi: utu wa wagonjwa wote unalindwa.

Hadhi ni daraja, hupanda na kushuka. Zahanati hupandishwa hadhi ikawa kituo cha afya. Ukiandika "mgonjwa ahudumiwe kulingana na hadhi yake", msomaji ataelewa kwamba wakubwa wana huduma yao na wanyonge yao. Tamko liliponea kwenye neno moja: "hadhi na haki zao ni sawa". Ondoa "sawa", vyeo vinarudi.

Heshima hutolewa na mtu kumpa mwingine. Ibara ya 12(2) ya Katiba ya Tanzania imeyapanga vizuri: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." (Neno "uungwana" usiliguse, waungwana walikuwa na watwana wao, yaani watumwa.)

Staha ni namna ya kutenda, kwa hiyo ndiyo inayofaa kwenye maelekezo ya kazi. "Mchunguze kwa staha" humwambia mhudumu afunge pazia, aombe ruhusa kabla ya kugusa, na shuka ifunike sehemu isiyochunguzwa.

Sasa mtego unaowanasa wafasiri wengi: "Ugonjwa huu humpotezea mgonjwa utu wake." Kwa Kiswahili, asiye na utu ni mtenda ubaya. Muuguzi anayemkaripia mgonjwa aliyejichafua ndiye tunayemwambia hana utu. Mgonjwa hakupoteza chochote. Andika "humfanya ajione amedhalilika". Neno "utu" lina nyuso mbili, na kitenzi ndicho kinachozitenganisha. Utu unaotambuliwa, unaolindwa au unaotwezwa (unaodhalilishwa) ni wa anayetendewa. Utu wa kuwa nao au kuuonyesha ni tabia ya mtendaji.

Kwa sababu hiyo "programu yenye utu" haisimami, maana mashine haina tabia ya kusifiwa. Sema "programu isiyotweza utu wa mgonjwa", kisha taja inachopaswa kufanya: uamuzi iliotoa uweze kupitiwa na mtu, na mgonjwa aelezwe sababu zake kwa lugha anayoielewa. Majibu ya vipimo yakisomeka kwenye skrini ya mapokezi, neno lake ni faragha. Liite hivyo, usilifiche ndani ya utu.

Angalia pia maneno mafupi ya kwenye skrini, ambako nafasi ni finyu na fundi hukata anachokiona cha ziada. "Kitanda 6 kimeruhusiwa" kimekwisha kumhamisha mgonjwa kutoka ngeli ya A-WA hadi KI-VI, ngeli ya vitu, na upatanisho wote unaofuata utamfuata huko: kipewe dawa, kisubiri, kimelipa. "Mgonjwa, kitanda 6: ameruhusiwa" inaongeza neno moja tu, na a- inarudi mahali pake.